Mfuko wa Uma

Ulipasukia katikati ya daraja la zamani,
saa mbili kasorobo, mvua ya Trondheim ikinyesha
polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe.
Mshono ulipoachia sikuusikia.
Nilisikia ufunguo wa kukazia nyuzi ukigonga ubao,
kisha uma wangu wa sauti ukalia mara moja, mrefu, safi,
ukateleza penye mwanya wa mbao, ukazama mtoni.
Miaka kumi na tisa. Na noti yake ya mwisho ilikuwa sahihi.

Basi Jumamosi niko dukani kwa Torgrim,
kati ya matairi na harufu ya grisi,
naambiwa nichague.

Ananivika mkoba wa begani, wa matarishi:
“Unauzungusha kifuani, unatoa kitu, hushuki baiskeli.”
Najua. Ndugu yake ndiye aliyenisaliti darajani,
na kabla ya hapo alilishusha bega langu la kushoto
nusu toni. Mshona makoti alililiona kabla ya daktari.

Shanta, basi. Mabega mawili yagawane deni.
Lakini mgongo nao una maneno yake:
nikimaliza mlima wa Tyholt na shanta hii ya turubai
nafika kwa Bibi Aslaug nikifuka mvuke
kama sufuria ya viazi,
naketi ukingoni mwa kiti chake cha hariri
nikiomba radhi kwa kila noti.

Nazigeuza ndani nje, moja moja.
Muuza piano hukuonyesha vanishi;
mimi hufungua kifuniko kwanza.
Mkanda unapokutana na mwili, hapo ndipo pa kutazama:
uzi uliopita mara moja ni ahadi ya mlevi.
Ukipita mara tatu, ukapigwa msalaba, tuzungumze.
Zipu naivuta nikiwa na glovu,
maana Januari haikuachii vidole.
Bizimu ya plastiki naikunja, inatoa mlio mdogo wa woga,
naiweka chini.
Nabisha kitako cha shanta, natega sikio.

“Gudveig,” Torgrim anacheka, “hiyo si piano.”
Kilichokazwa chochote ni piano, namwambia,
na hizi zako nyingi zimelegea.

Ndipo nikauona mkoba wake mwenyewe chini ya kaunta.
Wa kijivu, umekwaruzika, una doa la kahawa lenye umbo la figo,
kiraka kimoja tu, nacho kimeshonwa vizuri kuliko shati langu.
Huo je?
“Huo hauuzwi.”
Akaona aibu kidogo, mtu mwenye duka zima la mikoba.
Kuna mama Stjørdal, akasema, alikuwa akishona maturubai ya malori.
Hana kibao mlangoni. Hushona miwili kwa mwezi, vidole vikimruhusu.
Akaniandikia namba nyuma ya risiti ya mtu mwingine.

Wiki tisa, kama atakubali.
Hivi sasa vifaa vyangu viko kwenye mfuko wa duka la vyakula,
umening'inia kwenye usukani,
na kila tuta barabarani nalisikia kwa majina:
nyundo, koleo, kabari za sufu, nyundo tena.

Jana usiku mama alipiga simu. Hakusalimia sana.
Mgongo wangu una urefu gani, toka shingo hadi kiuno?
Napanda baiskeli kwa kuinama au kwa kukaa wima?
Mkono gani hutangulia kutafuta kitu gizani?
Nikajibu, yeye akaandika; nilisikia penseli.
Halafu: “Na kipi utakachokitoa mara nyingi kuliko vyote?”

Nikamwambia, uma wa sauti. Gramu hamsini hivi.
Nikamwambia pia kwamba uko mtoni,
na kwamba mpya bado sijanunua, sijui kwa nini.

Penseli ikasimama.
“Sawa,” akasema. “Mfuko wake tuuweke upande gani?”